Kwa nini wapigapicha wa filamu walizishuku kamera kubwa za dijitali

MPIGAPICHA aliyekuwa na studio Kitengela au Kajiado mjini katika miaka ya 1990 hakubofya kamera ovyo. Mkanda mmoja wa filamu ya milimita 35 ulimpa picha 36, pengine 37 iwapo aliupachika kwa uangalifu. Kila picha ilikuwa imekwisha kugharimiwa kabla mteja hajaiona: filamu ilinunuliwa, nauli ya matatu hadi Nairobi ikalipwa, kisha ikalipiwa kuoshwa na kuchapishwa kwenye karatasi. Bwana harusi aliyefumba macho wakati kamera inalia alimtia hasara fundi aliyeishika.

Kamera kubwa za dijitali za wataalamu, zile zenye mshiko wa pili upande wa chini na uzito wa zaidi ya kilo moja, zilipoanza kuonekana katika harusi na mikutano ya hadhara miaka ya 2000, mtu angetarajia kwamba mafundi hao wangekuwa wa kwanza kuzishangilia. Hazikuhitaji filamu wala kusubiri. Picha mbaya ilifutwa papo hapo. Hata hivyo, wengi wa wapigapicha wa filamu, nchini Kenya na kwingineko duniani, walizipokea kwa shaka, na baadhi yao kwa chuki ya waziwazi.

Ni rahisi kuieleza shaka hiyo kuwa ukaidi wa wazee, lakini maelezo hayo hayatoshi. Hoja zao zikichunguzwa moja baada ya nyingine, nyingi zinaonekana kuwa hoja za hesabu: nani atabeba gharama, nani atabeba hasara picha ikipotea, na nani atabaki na ushahidi baada ya miaka 20. Baadhi ya hesabu hizo walizikosea. Nyingine zimethibitika kuwa sahihi kuliko walivyodhani wenyewe.

HESABU YA MKANDA

Kitengela, mji ambao wenyeji wa zamani waliufahamu zaidi kwa jina la Noonkopir, uko yapata kilomita 30 kusini mwa Nairobi kwenye barabara kuu ya kuelekea Namanga. Kajiado mjini ni mbele zaidi, yapata kilomita 80 kutoka jiji kuu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela, lakini katika enzi ya filamu mji huo ulikuwa kituo kidogo cha biashara kilichozungukwa na malisho ya ng'ombe.

Katika miji ya aina hiyo, kazi ya mpigapicha ilijulikana: picha ndogo za pasipoti na za vitambulisho, harusi, mazishi, sherehe za shule, harambee, na sherehe za kimila huko manyattani. Alitangulia kuomba malipo ya awali kutoka kwa mteja, na kwa fedha hizo akanunua filamu. Salio lililipwa picha zilipoletwa. Kwa maneno mengine, ni mteja aliyeifadhili kazi hatua kwa hatua. Mwezi usiokuwa na harusi haukuwa na filamu ya kununua, na kamera ilikaa kwenye mkoba bila kumdai mwenyewe hata shilingi.

Kamera kubwa ya dijitali iliupindua mpango huo. Gharama ya kila picha ilikaribia sufuri, ila gharama ya kuanza ilipanda mno. Canon ilipotoa kamera yake ya EOS-1Ds mwaka 2002, bei yake nchini Marekani ilikuwa takriban dola 8,000 bila lenzi. Kwa viwango vya ubadilishaji vya wakati huo, hizo zilikuwa zaidi ya Sh600,000, kabla ya kuhesabu usafirishaji na ushuru. Juu yake kulihitajika kadi za kumbukumbu, betri za ziada, tarakilishi ya kuzipokea picha na mtu aliyejua kuitumia.

Fundi wa filamu alipoitazama kamera hiyo, hakuiona kama chombo tu. Aliona mkopo. Deni la filamu lilikuwa dogo na lilikwisha kila harusi ilipokwisha. Deni la dijitali lilidai kulipwa hata msimu wa ukame, wakati mifugo imedhoofika na hakuna anayeoa.

Tena kulikuwa na suala la kuchakaa kwa thamani. Nikon FM2, kamera ya filamu iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na mitambo ya chuma inayofanya kazi hata betri ikifa, kwani betri yake ilitumika kupima mwanga tu. Aliyeinunua angeweza kuitumia miaka 20 na picha zake zingeboreka kadiri viwanda vilivyoboresha filamu. Kamera ya dijitali ilifungwa pamoja na uwezo wa mwaka iliyoundwa. Ile ya mwaka 1999 ilionekana duni kufikia 2002, na ile ya 2002 ikapitwa kufikia 2007. Kwa mtu anayekula kwa jasho la kamera yake, swali la nani anafaidika na mwendo huo, yeye au mwenye kiwanda, halikuwa la kipuuzi.

MASHINE KUBWA ILIKOTOKA

Safari ya kamera ya dijitali ilianzia, kwa kinaya, ndani ya kampuni iliyotajirishwa na filamu. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak mjini Rochester, Marekani, aliunda kamera ya majaribio yenye uzito wa karibu kilo nne. Ilitoa picha nyeusi na nyeupe zenye nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Wakubwa wake walivutiwa, lakini hawakuona sababu ya kuharakisha jambo ambalo lingeiua biashara ya filamu.

Mwaka 1991 Kodak iliuza kamera ya kwanza ya dijitali kwa wataalamu, DCS 100. Ilitumia mwili wa kamera ya filamu ya Nikon F3, ikaungwa kwa waya na kisanduku kizito cha kuhifadhia picha ambacho mpigapicha alikibeba begani. Ilikuwa na megapikseli 1.3, yaani nukta milioni 1.3, na bei yake ilikuwa takriban dola 20,000 au zaidi. Walioitaka ni mashirika ya habari, ambayo kwao dakika moja ya kuwahi ina thamani kuliko uzuri wa picha.

Nikon D1 ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanza kulibadilisha soko. Ilikuwa na megapikseli 2.7, ikabebeka kama kamera ya kawaida ya wataalamu, na ikauzwa kwa bei iliyo chini sana ya zile za Kodak. Canon EOS-1Ds ikafuata ikiwa na megapikseli 11 na kihisi mwanga chenye ukubwa sawa na fremu ya filamu, milimita 24 kwa 36. Mwaka 2007 Nikon ikatoa D3, iliyoweza kupiga picha tisa kwa sekunde na kuona katika mwanga hafifu ambao filamu ya kawaida ya rangi isingeuthubutu.

Zote hizo zilikuwa na umbo moja: kubwa, nzito, nyeusi, zimezibwa dhidi ya vumbi na mvua. Mwili wa D3 peke yake, bila betri wala lenzi, ulikuwa na gramu 1,240. FM2 ilikuwa na gramu 540. Aliyezoea kubeba ile ndogo siku nzima juani alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini maendeleo yawe na uzito unaozidi maradufu.

Ukubwa huo, hata hivyo, ulikuwa na kazi nyingine isiyoandikwa katika vijitabu vya maelezo. Kwenye umati, kamera kubwa ilimpa mwenyewe heshima. Walinzi walimfungulia njia na wageni wakamsogelea. Mpigapicha wa filamu, mwenye kamera ndogo na ujuzi wa miaka mingi, alijikuta akiulizwa kama yeye ni msaidizi wa kijana aliyekodi kamera kubwa wiki iliyopita. Sehemu ya uchungu wa wazee wa kazi hiyo ilitoka hapa: ujuzi wao ulikuwa machoni na mikononi, ila wateja walianza kuupima kwa ukubwa wa chombo.

VUMBI, JUA NA SHUKA NYEKUNDU

Mbali na fedha na heshima, kulikuwa na hoja za kiufundi, na mazingira ya Kajiado yalizipa nguvu.

Ya kwanza ni vumbi. Katika kamera ya filamu, kila picha hupigwa kwenye kipande kipya cha filamu. Chembe ya vumbi ikiingia, huenda ikaharibu picha moja kisha ikaondoka na fremu yake. Kihisi cha dijitali hakisogei. Chembe ikikitua wakati wa kubadilisha lenzi, doa lake litaonekana katika kila picha inayofuata, hasa penye anga tupu la buluu, hadi kihisi kisafishwe. Kampuni ya Olympus ndiyo iliyotangulia kutoa kamera ya aina hii yenye uwezo wa kujikung'uta vumbi, modeli ya E-1 ya mwaka 2003, na iliwachukua washindani wake miaka kadhaa kuiga. Kwenye njia za Kajiado wakati wa kiangazi, ambapo gari moja hutimua wingu linaloonekana kutoka mbali, hoja hiyo haikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Ya pili ni jua. Filamu ya negativu ya rangi husamehe mwanga ukizidi. Gauni jeupe la bibi harusi saa sita mchana huhifadhi mikunjo na lesi zake hata fundi akikosea kipimo kidogo. Kamera za dijitali za mwanzo zilikuwa na ukomo mkali: mwanga ukivuka mpaka, panabaki weupe mtupu usio na chochote cha kurejesha. Ukimwekea bibi harusi kipimo ili gauni lionekane, uso wake mweusi unazama gizani. Ukiupimia uso, gauni linaungua. Wapigapicha wa filamu walipoziona picha hizo za mwanzo, walisema ni za bandia. Hawakukosea kuhusu picha, ingawa walikosea kudhani kwamba kasoro hiyo ingedumu.

Ya tatu ni rangi nyekundu, na hapa Kajiado ina neno la kipekee. Kihisi cha dijitali hugawa mwanga katika nyekundu, kijani na buluu, na kuupima kila mmoja peke yake. Kitambaa chekundu sana juani hujaza kipimo cha nyekundu hata pale vipimo vingine viwili viko sawa. Matokeo yake, shuka ya Kimaasai hugeuka bapa moja la rangi bila mistari wala mikunjo, ilhali kioo cha kamera kinaonyesha kwamba mwanga uko sawa. Mpigapicha wa morani katika enzi ya dijitali ilimbidi ajifunze kupunguza mwanga kimakusudi. Kitabu cha "Maasai" cha mwaka 1980, chenye picha za Carol Beckwith na maandishi ya Tepilit Ole Saitoti, kilitokana na filamu, na wapigapicha wa kizazi hicho walikuwa na kipimo cha kulinganishia rangi hizo.

Ya nne ni umeme. Kamera kubwa ya dijitali bila betri ni jiwe. Katika maboma ambako nyaya za umeme hazikuwa zimefika, sherehe ya siku mbili au tatu ilimaanisha kubeba betri kadhaa, au kuunga chaja kwenye betri ya gari. Mwenye FM2 alihitaji mikanda mfukoni tu.

Hata hivyo, haki inataka isemwe kwamba filamu nayo haikuwa malaika. Kwa miongo mingi maabara za picha duniani zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizokuja kuitwa "Shirley" kwa jina la mmoja wa waliopigwa picha hizo. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi "ya kawaida". Watu weusi walitoka wakiwa kivuli chenye macho na meno. Wataalamu waliochunguza historia hiyo wanaeleza kwamba malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliotaka rangi za bidhaa zao zionekane vyema, yalichangia kuisukuma kampuni hiyo kuboresha filamu katika rangi za kahawia. Mafundi wa Kenya walijifunza kuishi na kasoro hiyo kwa kuongeza mwanga na kuwabembeleza wachapishaji wa Nairobi. Dijitali, ilipokomaa, iliwapa uwezo wa kuirekebisha wenyewe.

FUNZO LA AMBOSELI

Upande wa kusini wa Kaunti ya Kajiado kuna mbuga ya Amboseli, na hapo ndipo tofauti ya mitazamo miwili ilipoonekana wazi zaidi.

Mpigapicha Mwingereza Nick Brandt alianza kupiga picha za wanyama wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyingi zikiwa za ndovu wa Amboseli. Wakati wenzake walikuwa wakinunua kamera za dijitali zenye lenzi ndefu kama bomba, yeye alitumia Pentax 67, kamera ya filamu pana, bila lenzi za kuvuta mbali. Alimsogelea mnyama na kungoja. Mkanda wa kamera hiyo hutoa picha 10 tu, kisha lazima upachikwe mwingine, vumbi liwepo au lisiwepo. Nikon D3 ingepiga idadi hiyo kwa sekunde moja na ushei.

Tofauti hiyo ya kasi ndiyo iliyokuwa kiini cha mvutano. Watetezi wa filamu walishikilia kwamba uchache humfanya mtu afikiri kabla ya kubofya, na kwamba anayepiga picha tisa kwa sekunde amemwachia mtambo kazi ya kuchagua. Watetezi wa dijitali walijibu kwamba simba hasubiri mtu afikiri. Mnamo 2010 Brandt alishirikiana na mhifadhi Richard Bonham kuanzisha wakfu wa Big Life, unaolinda wanyama katika eneo pana la Amboseli. Picha zake za taratibu, zilizowaonyesha ndovu kama watu wenye haiba, zilisaidia kulifanya suala la ujangili lisikike mbali.

Lakini wapo waliohama, tena kwa sababu zisizo za kimapenzi hata kidogo. Sebastião Salgado, mpigapicha wa Brazil aliyefariki mwaka 2025, alianza mradi wake mkubwa wa "Genesis" mwaka 2004 akitumia filamu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ukaguzi wa mionzi katika viwanja vya ndege uliongezeka, na filamu inayopitishwa mara nyingi kwenye mionzi hiyo hupungua ubora. Kufikia 2008 alikuwa amehamia kamera kubwa ya Canon EOS-1Ds Mark III.

Namna alivyohama inafundisha zaidi ya uamuzi wenyewe. Salgado hakukaa mbele ya skrini kuchagua picha. Aliendelea kuchapishiwa karatasi zenye safu za picha ndogondogo, akizichunguza kwa kioo cha kukuzia kama alivyofanya miaka yote, na picha zilizoteuliwa zilitengenezewa negativu halisi za filamu. Alichukua chombo kipya bila kuacha nidhamu ya kale. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye alivitandika vyote viwili.

Kenya yenyewe ilikuwa na kielelezo kikubwa cha nidhamu hiyo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanzisha Camerapix, alikuwa na kamera njaa ya Ethiopia ya 1984 ilipoonyeshwa kwa ulimwengu. Alipoteza mkono katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991, akaendelea na kazi, na akafa katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara karibu na visiwa vya Ngazija mwaka 1996. Aliondoka kabla Nikon D1 haijatoka. Hifadhi aliyoiacha ni ya filamu na mikanda, na ndiyo inayofungua swali zito kuliko yote.

NANI ANAYO NEGATIVU?

Katika studio ya filamu, mteja aliondoka na picha ya karatasi. Negativu ilibaki kwa fundi. Mama aliyetaka nakala nyingine ya picha ya marehemu mumewe alirudi kwa fundi yule yule, hata baada ya miaka 10. Negativu zilikuwa kama ng'ombe wa maziwa: zilimpa mwenyewe kipato kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kamera ya dijitali ililikata ziwa hilo. Mteja alitaka picha zake zote kwenye diski, baadaye kwenye kijiti cha kumbukumbu, na hakuwa na sababu ya kurudi. Fundi aliyelalamika kwamba dijitali inamnyang'anya riziki alikuwa anazungumzia jambo hili hasa.

Lakini negativu hizo zilikuwa pia kumbukumbu ya jamii nzima. Thamani yake imeonekana kwingineko katika pwani ya Waswahili. Studio ya Capital Art ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, studio ya Parekh mjini Mombasa, na ile ya Omar Said Bakor mjini Lamu zilipiga picha za watu wa kawaida: wachumba, mabaharia, akina mama waliovaa leso mpya. Leo picha hizo zinaonyeshwa na kuchunguzwa na wasomi kwa sababu zilihifadhiwa.

Kwa Kajiado jambo hili lina uzito wa pekee. Mnamo 2018 shirika la UNESCO liliziweka sherehe tatu za jando na rika za Wamaasai, yaani Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Septemba 2020 maelfu ya watu walikusanyika katika vilima vya Maparasha, Kajiado, kwa Olng'esherr, sherehe inayowatoa wanaume katika umorani na kuwaingiza katika uzee. Rika moja huipitia mara moja tu. Picha isiyopigwa siku hiyo, au iliyopigwa ikapotea, haipatikani tena.

Kwa sherehe kama hiyo, faida ya dijitali ni kubwa: fundi anajua papo hapo kama picha imetoka. Wa filamu alirejea nyumbani akiwa na wasiwasi hadi maabara ilipomwambia. Hatari ya filamu ilikuwa mwanzoni. Hatari ya dijitali imesogezwa mwishoni. Picha ya negativu iliyosahauliwa kwenye sanduku la bati kwa miaka 30 huenda rangi zake zimefifia, na unyevu na joto huenda vimeidhuru, lakini ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha utauona uso. Kadi ya kumbukumbu iliyokufa haionyeshi chochote. Diski zilizochomwa mwaka 2005 huenda hazisomeki, na tarakilishi nyingi za leo hazina hata mahali pa kuziingiza.

Hapa ndipo wazee wa filamu walipopiga mbali. Walisema kitu kisichoshikika hakina mwenyewe. Familia nyingi zina picha za harusi ya mwaka 1985 ukutani, ilhali za harusi ya 2008 zilipotea na tarakilishi iliyoibwa au kuharibika.

ADUI ALITOKA KWINGINE

Walichokosea ni kumtambua mshindani wao. Waliikodolea macho kamera kubwa ya dijitali, kumbe dhoruba ilikuwa njiani kutoka mfukoni mwa mteja. Simu za mkononi zenye kamera zilipoenea, zilimpiku mwenye filamu na mwenye dijitali kwa pamoja. Takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera nchini Japan zinaonyesha kwamba kamera za dijitali zipatazo milioni 121 zilisafirishwa kwenda madukani mwaka 2010. Kufikia 2022 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban milioni 8.

Kodak, iliyoizaa dijitali na kuiogopa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Canon ilitangaza mwisho wa mauzo ya kamera yake ya filamu ya EOS-1V mwaka 2018, na Nikon ikaacha F6 mwaka 2020. Mwaka huo huo zilitoka Canon EOS-1D X Mark III na Nikon D6, kamera kubwa za mtindo wa kale wa kioo ambazo hazijapata warithi wa aina yake. Mashine zilizowatisha wazee zimeanza kuwa za kale zenyewe.

Filamu, kwa upande wake, haikufa. Kodak ilirejesha filamu yake ya Ektachrome mwaka 2018, na mwaka 2024 chapa ya Pentax ikatoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17. Wanaoinunua wengi ni vijana, ambao wamechoshwa na simu iliyojaa maelfu ya picha wasizozitazama. Wanachokitafuta, yaani uchache, kungoja na kitu cha kushika mkononi, ndicho walichokitetea mafundi wa zamani.

SANDUKU LA BATI

Kuna somo la vitendo katika historia hii, na muda wake si mrefu. Negativu za rangi hufifia mwaka baada ya mwaka, hasa zikihifadhiwa chini ya paa la mabati. Mafundi walioanza kazi wakati wa uhuru au miaka ya 1970 wanazeeka. Mmoja anapofariki, watoto huliona sanduku lake kama takataka, na picha za mji mzima huishia jaani.

Njia ya kuziokoa ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Zishikwe kwa ncha za vidole au glovu safi za pamba, zitiwe katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, na ziwekwe mahali pakavu na baridi, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua. Kila bahasha iandikwe mwaka, mahali na majina wakati kungali na mtu anayeyakumbuka, kwa maana picha isiyo na majina hupoteza nusu ya thamani yake.

Kisha zinakiliwe. Negativu hulazwa juu ya sahani yenye mwanga mweupe ulio sawa, kamera ya dijitali ikafungwa juu yake ikitazama chini, ikiwa na lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Picha inayopatikana hugeuzwa kwa programu ya tarakilishi, nyeusi ikawa nyeupe na rangi zikarudi mahali pake. Mtu mmoja mwenye mazoea anaweza kumaliza mikanda kadhaa kwa alasiri moja. Nakala zihifadhiwe mahali pasipopungua pawili, na zile za maana zaidi zichapishwe kwenye karatasi.

Kamera inayofaa mno kwa kazi hiyo ni ile ile kubwa, nzito, yenye kihisi chenye ukubwa wa fremu ya filamu. Zile za mwaka 2007 au 2012, zilizogharimu bei ya gari zilipotoka, sasa hupatikana zikiwa zimetumika kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Mzee wa Kitengela aliyeikataa miaka 20 iliyopita kwa hoja nzito za hesabu anaweza leo kuitumia bila deni, na kitu cha kwanza cha kuipigisha ni negativu zake mwenyewe.